Mamba Waliyeniletea Nimtambue

Walimleta kwa kamyoneti, mchana wa jua kali, wakamshusha mbele ya garaji pale ardhi ilipogeuka nyeusi kwa mafuta ya magari. Halafu wakamtuma mtu aje kuniita nyumbani, kama polisi wanavyomwita mtu akamtambue mwizi.

Mi nilikuwa uani nakwangua utumbo, nimeubana kwa goti. Mkono wa kushoto sina. Ulibaki majini mwaka jana, kuanzia hapa chini ya kiwiko. Mdogo wangu, ambaye tunakaa naye chumba kimoja hapa mtaa wa Buyenzi tangu sote wawili tulipobaki wajane, akanawa haraka haraka, akanifunga kitenge begani ili kigutu kisionekane. Alifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena. Nikadhani ni hofu, kumbe ni furaha.

"Yaya, wamemupata," akasema; yaya kwetu ni dada mkubwa. "Wamemupata kweli!"

Nikamwangalia. Furaha yake ndiyo iliyonichanganya kwanza, maana nilijua inatoka wapi. Shefu wa katiye, mkubwa wa mtaa wetu, alikuwa ametangaza zamani: siku mamba aliyenila mkono atakapouawa, na mi nikasema kwa mdomo wangu kwamba ni yeye, wanawake wataruhusiwa kurudi kuosha mtoni. Nikisema ndiyo, kesho yake mdogo wangu yuko majini hadi magotini. Sina mtu mwingine duniani.

Tulitoka. Njiani kila mtu ananipa pole ambayo ni kama hongera.

Nieleze kazi yetu, maana wengine wanakula supu hawajui imepita wapi. Sisi ni waosha utumbo. Utumbo ukitoka machinjioni umejaa majani mabichi aliyokula ng'ombe, na harufu yake unaijua au huijui, siwezi kukueleza. Unataka maji yanayotembea, yachukue ule uchafu yaende nao, na mchanga wa kusugulia. Maji ya bomba hayawezi. Mama yetu aliosha pale mto Ntahangwa unapoingia ziwani, na mama yake kabla yake. Wauza supu wa mji mzima waliujua utumbo wa Buyenzi kwa weupe wake.

Na tulikuwa na desturi. Anayefika kwanza asubuhi anakata bandama moja, analitupa mbali majini, anasema, "Maji, hilo lako, letu tuachie." Baadaye bismillahi, baadaye kazi. Imamu alitukataza mara nyingi. Alisema hiyo si dini, ni mambo ya kumshirikisha Mungu. Tunamwitikia naam, baba, na asubuhi tunatupa. Hakuna aliyekuwa anafikiria mamba. Bandama lilikuwa la maji. Labda lilikuwa linaliwa na samaki, labda na kunguru, hakuna aliyegeuka kuangalia.

Mamba kwetu alikuwa habari ya mbali. Alikuwa wa mto Rusizi, kule kwenye matete, pamoja na viboko. Mtu aliyeliwa tulisema alimfuata mwenyewe. Halafu ziwa likapanda. Lilipanda likakataa kushuka, likaingia nyumba za watu, likala barabara, likafunika ufukwe wote tuliokuwa tunaanika mabeseni. Tukaanza kusikia: ameonekana bandarini. Ameonekana kwenye mtaro nyuma ya nyumba ya mtu. Mvuvi mmoja wa Kinama alituapia kwamba amemwona amelala juu ya ukuta wa villa iliyozama, anaota jua kama mwenye nyumba.

"Na mwenye nyumba alikuwa wapi?" tukamwuliza.

"Amekimbia. Sasa nyumba iko na muntu wake wa kweli."

Tulicheka sana. Sasa sicheki tena, maana huyo mwenye nyumba ni wa kwanza ninayemshitaki. Majina yao siyaandiki, wenyewe wanajijua. Yeye na wenzake walinunua kinamasi, wakakata matete, wakajaza udongo, wakajenga kuta ndefu zenye chupa juu. Pale ndipo samaki walipokuwa wanazaa. Ziwa lilipokuja kuchukua mahali pake, wao wakahamia milimani. Mamba hana mlimani pa kuhamia.

Namshitaki pia tajiri wa malori ya mchanga. Vijana wa kuchimba siwasemi, wale ni maskini kama sisi, wanaingia majini na koleo wakiwa na njaa. Namsema yule anayekaa ndani ya gari na kioo kimefungwa. Na mwenye baa ya plaji, kule ufukweni, ambaye kila Jumapili alikuwa anawatupia mamba mifupa na vichwa vya kuku ili wateja wapige picha na kupiga makofi. Alimfundisha mnyama kwamba sauti ya watu ni sauti ya chakula. Na mkubwa wa machinjio, aliyeona ni rahisi kuacha damu ishuke kwa mfereji mpaka kwetu. Wote hao wana mikono miwili.

Lakini nikimaliza kuwataja, usiku silali vizuri zaidi. Nawapanga na kuwapangua. Mara nasema ni wa mchanga, mara nasema ni wa baa, mara nasema ni ziwa lenyewe, na ziwa utalishitaki kwa nani?

Basi. Mamba walipoanza kuonekana kwetu, tuliogopa, lakini kuacha kazi hatukuweza. Mwanamke mkubwa kuliko sisi wote pale mtoni, tuliyemwita Bibi kwa heshima, akatukusanya.

"Muntu mwenye njaa ndiye anaiba," akasema. "Mwenye kushiba anapita tu na kusalimia. Tumushibishe."

Hakuna aliyebisha. Ilikuwa akili kabisa. Tangu siku ile, badala ya bandama moja la anayefika kwanza, kila mwanamke akawa anatupa la kwake. Tulikuwa tunasimama kidogo, tunaona maji yanajikunja kule mbali, tunasema, "Haya, amekula, ameenda." Mdogo wangu alikuwa hata anamtania: "Shemeji, leo bandama ni ya ng'ombe munene, usiseme hatukupendi." Tukaosha kwa amani. Nasema kweli, ile ilikuwa miezi mizuri. Tulijiona tumefanya mapatano ambayo wakubwa wa mji wameshindwa kufanya.

Asubuhi yangu ilipofika, kila mmoja alikuwa ameshatupa lake. Mi nimeinama nasuuza.

Watu wanadhani nilimwona. Wananiuliza alikuwa mkubwa kiasi gani, macho yake yalikuwaje. Sikuona mdomo, sikuona jicho. Niliona maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, beseni langu linaenda zake, na mdogo wangu amenikamata nguo shingoni ananivuta huku anamwita mama yetu aliyekwisha kufa. Maumivu yalikuja baadaye, hospitalini. Pale mtoni kulikuwa na uzito tu, kama mtu mwenye nguvu amenishika kiganja anataka tuende mahali pamoja naye.

Ndiyo maana, walipokuja kuniita nikatambue, nilikuwa natembea najiuliza: nitatambua nini?

Mbele ya garaji watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Mafundi wameacha magari yamefunguliwa boneti. Mmoja wao, mwenye mdomo usiofungwa, akapaza sauti:

"Mupisheni mama apite! Mwenye mukono wake amefika!"

"Amuulize aliweka wapi saa," mwingine akadakia.

"Nyamaza, wewe. Mama hakuwa na saa."

Nilicheka. Sijui kwa nini nilicheka. Halafu nikamwona.

Alikuwa amelala kifudifudi, wamemfunga mdomo kwa mpira wa tairi ingawa alikuwa maiti. Alikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia. Yaani alikuwa mkubwa, watu wanne walimshusha kwa taabu, lakini kwa mwaka mzima nilikuwa namkuza kichwani, na yule wa kichwani asingeingia kwenye kamyoneti. Mgongo wake ulikuwa na matope yaliyokauka. Ananuka harufu ya mahali petu pa kuoshea, harufu ileile ninayorudi nayo nyumbani kwenye nguo. Nilitafuta chuki moyoni niliyokuwa nimeitayarisha. Nikapata kama aibu, kama mtu aliyeingia chumba akamkuta mgeni amelala bila nguo.

Shefu wa katiye akanikaribisha kwa mkono, mbele ya watu wote.

"Mama, karibu. Angalia muzuri. Ni huyu?"

Nikazunguka upande wa kichwa. Nikazunguka upande wa mkia. Mama muuza chapati akaacha jiko lake, akasogea kuangalia. Nikainama, nikagusa jino moja kwa kidole. Lilikuwa limevunjika ncha. Nikajaribu kukumbuka kama kovu langu lina alama ya jino lililovunjika. Kigutu changu kilishonwa na daktari, alama zake ni za daktari.

"Sijui," nikasema.

"Angalia tena, mama."

"Naangalia. Sijui."

Minong'ono ikaanza. Wanawake wenzangu wa utumbo walikuwa wamesimama pamoja upande wa duka la piesi za magari, na Bibi mbele yao. Tangu mahali petu pafungwe, tunaoshea nyumbani kwa maji ya bidoni, yale madumu ya plastiki. Maji hayatoshi, utumbo unabaki na weusi, wauza supu wameanza kuchukua kwa watu wengine, na wenye nyumba wanatufokea kwa harufu. Wawili wameshafukuzwa kwenye vyumba vyao. Niliona wote wananiangalia mdomo.

Fundi mwenye maneno akaleta kisu. "Tumupasue basi. Tumbo halidanganyi."

Wakampindua, wakampasua. Watu wakarudi nyuma kwa harufu, kisha wakasogea tena. Ndani mlikuwa na mawe, mengi, laini kama ya kuchagua. Mlikuwa na kipande cha wavu. Mlikuwa na kandambili moja ya plastiki. Na mifupa, mingi sana, ya kuku.

"Kuku!" Shefu akasema, kama aliyeshinda kesi. "Munaona? Huyu ni yule wa plaji, aliyezoea watu. Ndiye mukosefu."

Hapo nikavurugika zaidi. Kama ni wa plaji, alikuwa anatafuta nini kwetu mdomoni mwa mto? Na kama alikuja kwetu, mbona ndani hamna alama yoyote ya kwetu? Lakini bandama ni nyama laini, linaisha. Na mkono pia, mwaka ni mrefu.

Alikuwepo binti mmoja wa univerisite, anayekaa Mutanga Sud kwa matajiri, anafuata habari za mamba. Alishakuja kwangu mara kadhaa baada ya hospitali, ana heshima, anavua viatu mlangoni. Ndiye aliyeniambia kwamba mamba wanataga mchangani, na mchanga ukichukuliwa na malori wanatafuta kwingine; kwamba matete yakiondoka samaki wanaondoka, na mnyama anafuata chakula kama sisi tunavyofuata soko. Nilimpenda kwa maneno hayo, yalikuwa yanawaweka wabaya wangu pale ninapotaka. Siku moja nikamwuliza, sawa, lakini kwa nini alikuja kwetu na si kwingine? Akasema, kwa sababu kwenu kuna damu. Nikamwambia damu inatoka machinjioni. Akasema naam, mama. Halafu, taratibu sana, akaniuliza: "Na yale mliyokuwa mnatupa kila asubuhi?"

Nikamwambia chai imekwisha. Akaelewa, akavaa viatu.

Sasa alikuwa amechuchumaa kando ya mamba, anampima urefu kwa mkanda. Shefu akamwuliza, nadhani alitaka msaada:

"Madamu, si ni huyu?"

"Hatuwezi kujua," akasema. "Wanatembea. Wa plaji anaweza kufika mtoni asubuhi na kurudi. Na wako wengine. Maji yakiwa juu hivi, hawana mipaka tena. Ukimwua mmoja na chakula bado kipo, mwingine anachukua nafasi."

"Wengine wangapi?"

"Sijui, shefu."

"Aa! Naye hajui." Shefu akageukia watu. "Madamu, we unakaa Mutanga. Ukitaka utumbo unaukuta kwa sahani. Hawa wamama wataosha wapi? Kwako?"

Watu wakamzomea binti wa watu. Mi sikuwazomea wala sikumtetea. Alisema neno lilelile nililolisema mi, lakini mi nilipolisema walinivumilia.

Mdogo wangu akaja akasimama nyuma yangu, karibu kabisa. Nikahisi pumzi yake sikioni.

"Yaya, sema ndiyo."

"Sikumuona, we unajua."

"Najua. Sema ndiyo."

"Kama si yeye?"

"Kama si yeye, ni mwingine. Njaa nayo iko. Sema tu, yaya, watu wanachoka na jua."

"Na ukijua sijui, utaingia majini?"

"Nitaingia," akasema. "Nitaingia na roho nyepesi kidogo kama utasema ndiyo."

Nimelifikiria neno hilo mpaka leo. Hakutaka nimwambie ukweli. Alitaka nimpe kitu cha kuvaa anapoingia majini. Na mi, dada yake, niliyebaki hai kwa mikono yake, ni kitu gani kingenigharimu? Neno moja. Lakini nilifikiri: nikimwambia yuko salama, hataangalia maji. Nikikataa kabisa, nikisema siye, nitakuwa nimewaua kwa njaa wanawake wote wale kwa jambo nisilolijua. Nikasimama pale kama punda katikati ya njia, huku wanapiga honi nyuma na mbele.

"Mama, neno la mwisho," Shefu akasema.

"Sijui, shefu. Wallahi sijui."

Akainua mikono juu. "Mumesikia wote? Hajakataa!"

Watu wakapiga makofi. Bibi akapiga vigelegele. Fundi akasema ngozi apewe Shefu, na Shefu akasema hapana, ngozi ni ya serikali, huku anaonyesha ipakiwe kwenye gari lake. Hivyo ndivyo mamba wangu alivyopatikana na hatia: kwa sababu mi sikujua.

Nyumbani tuligombana. Nilimwambia mdogo wangu asiende. Akaniambia niliweza kumzuia mbele ya watu kwa neno moja, siye, na sikulisema. Ni kweli. Nikamwambia basi msitupe tena bandama, hata moja, nawaomba. Kesho yake alilipeleka ombi langu mtoni kwa wenzake, na mi nikamfuata kwa nyuma.

Bibi alinisikiliza vizuri. Halafu akasema, "Mwanangu, jirani uliyemuzoeza sahani kila siku, siku ukifunga mulango, yeye anafanya nini? Anapita zake? Ama anakuja kugonga?"

Yule binti wa Mutanga angesema acheni, ataondoka polepole. Polepole ni siku ngapi, na katika siku hizo nani atakuwa ameinama? Wengine walitupa, wengine hawakutupa. Mdogo wangu hakutupa, aliniangalia akaacha, kisha akaingia.

Tangu hapo kazi yangu ni kukaa juu ya ukingo, kwenye beseni lililogeuzwa, na kuangalia maji. Wanawake wanachanga utumbo kidogo kila mmoja, wananipa. Wananiita mlinzi, kwa kunitania na kwa kunipenda. Naangalia kila gogo. Naangalia kila chupa inayoelea, na magugu ambayo mto unayashusha kutoka juu baada ya mvua, maana kule juu nako watu wanalima mpaka ukingoni na kila kitu kinakuja kwetu. Sijui natafuta umbo gani. Yule aliyenishika hakuwa na umbo.

Siku ya kwanza niliona kitu cheusi kinakuja kinyume cha mkondo. Nikapiga kelele: "Tokeni!" Wote walitoka mbio, mabeseni yakamwagika, Bibi akaanguka. Lilikuwa rundo la magugu linasukumwa na upepo. Walicheka mpaka wakakaa chini, na mi nikacheka.

Siku nyingine nilipiga kelele, wakatoka, haikuwa kitu. Siku nyingine tena wakatoka wakiguna. Mmoja akasema, "Yaya, macho yako pia yaliliwa?"

Sasa nimekuwa naogopa kupiga kelele. Naona kitu, nasubiri kidogo nihakikishe, halafu najiuliza kusubiri huko ni kwa nini, kwa kuogopa kuchekwa? Jana maji yalijikunja mbali kidogo na pale alipoinama mdogo wangu. Inaweza kuwa samaki. Inaweza kuwa upepo. Nilisimama, nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote, nikamwita kwa jina alilopewa na mama yetu, lile ambalo hakuna mwingine analitumia tena.

Aligeuka akaniangalia. Akaangalia maji. Halafu akainama tena, akamaliza kusuuza kipande alichokuwa nacho, akakikamua vizuri kwa mikono yote miwili, ndipo akatoka.